Sanduku la Mtu Mmoja: Shajara ya Mradi, Tanga 2025

Naandika kila hatua inapokamilika, ili anayetaka kutengeneza sanduku la vikaragosi kama hili asirudie makosa yangu. Bei zote ni za Tanga mjini, shilingi za Tanzania. Sina ufundi wa useremala wala wa umeme. Nina baiskeli, msumeno mmoja, na dada asiyeogopa kuniambia kitu hakifai.

11 Januari: Wazo na vipimo

Mchezo wa vikaragosi ndani ya sanduku, unaotazamwa na mtu mmoja mmoja, ulianzia Salvador, jimbo la Bahia, Brazil, mwaka 1989. Wanawake wawili, Denise Di Santos na Ismine Lima, walitaka kuonyesha kwa vikaragosi jinsi mtoto anavyozaliwa. Mambo ya uzazi hayachezwi hadharani, basi wakayatia sandukuni, na anayetaka kuona akaweka uso wake peke yake. Umbo la sanduku walilitwaa kwa wapiga picha wa mitaani, wale wa kamera ya miguu mitatu na kitambaa cheusi kichwani, ambao Wabrazil huwaita lambe-lambe. Husemwa kwamba mpiga picha alikuwa akilamba kioo ili ajue upande upi una dawa. Yaani lambe yao na lamba yetu maana ni moja, ingawa maneno hayana undugu wowote.

Nilitaka kuuita mchezo wangu Lambalamba. Dada akakataa. Watoto watakuja na hela ya barafu, akasema, na wazee watadhani umeletwa kutoa wachawi mtaani. Tukaliacha jina hilo hapo hapo.

Kilichonivuta zaidi ni kwamba Bahia ndiyo inayolima mkonge mwingi kuliko jimbo lolote la Brazil, na Brazil ndiyo inayoongoza duniani. Nafasi hiyo zamani ilikuwa yetu. Hapa mkonge uliingia mwaka 1893: Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika 62 tu vikiwa hai. Kwa hiyo hadithi ya sanduku langu ni ya manamba, mkata mkonge aliyeletwa kutoka bara na kuitwa kwa namba. Ana kipande, yaani kadi, cha siku 30 za kazi. Siku asiyofanya kazi haihesabiwi. Nyuma yake mmea unakua, unatoa mlingoti, yaani bua refu la maua, unachanua, unakufa. Hakuna zaidi.

Vipimo nilivyoanza navyo: upana sm 50, kimo sm 40, kina sm 30. Kina hicho ndicho kilichonigharimu baadaye.

19 Januari: Sanduku la kwanza

Nusu ya plaiwudi ya mm 6, 18,000. Vibao vya msonobari vya kushikilia pembe, 6,000. Bawaba, skrubu na gundi nyeupe, 7,500. Kukata na kuunga kulichukua siku mbili, na hapo hakuna la kusimulia.

Rangi ndiyo iliyonifundisha. Ndani ya sanduku panatakiwa pawe peusi pasipong'aa, la sivyo mtazamaji anaona kuta badala ya hadithi. Rangi nyeusi ya dukani ilikuwa inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikakwangua masizi ya masufuria ya nyumba tatu, nikachanganya na gundi nyeupe na maji kidogo, nikapaka mara mbili. Weusi ukatulia vizuri sana, na haukunigharimu senti.

Kujua kama mwanga unavuja: subiri usiku, zima taa chumbani, weka tochi inayowaka ndani ya sanduku ulifunge. Panapotoka mwanga ndipo patakapoingilia jua. Nilihesabu sehemu 11. Niliziba kwa unga wa mbao na gundi.

2 Februari: Vichwa, mara ya kwanza

Nilimpa fundi mchongaji kazi ya vichwa viwili vya mninga, 15,000 kila kimoja. Alichonga vizuri mno. Uso wa manamba una mikunjo midogo pembeni mwa macho, na mtu anaweza kuutazama mezani kutwa nzima.

Ndani ya sanduku havikufaa. Kichwa kilikuwa kizito kuliko mwili wote wa kikaragosi, kwa hiyo kila nilipomwinamisha manamba akate jani alianguka kifudifudi. Nikiongeza uzito miguuni, hatembei. Tena mikunjo ile niliyoilipia haionekani kabisa: kikaragosi ni cha sm 9, mwanga ni hafifu, jicho la mtazamaji linashika kivuli cha pua na mstari wa bega basi. Shilingi 30,000 zimekaa rafuni kwangu kama mapambo.

9 Februari: Vichwa, mara ya pili

Jibu lilikuwa shambani. Mlingoti wa mkonge uliokauka ni mwepesi kama kizibo, na unakatika kwa kisu cha jikoni. Nilipewa kipande cha mita moja bure na jirani aliyejengea uchaga wa kuku. Nikachonga mwenyewe vichwa vitano kwa jioni moja, viwili vikafaa. Pua kubwa kupita kiasi, kidevu kirefu, macho mashimo mawili tu. Mezani kinachekesha. Sandukuni kinapumua.

Nywele ni singa, nyuzi za mkonge, zimechovywa kwenye chai ya rangi. Nguo ni kipande cha gunia.

Vijiti vya kuchezeshea ni spoku kuukuu za baiskeli, kumi kwa 1,000. Spoku mpya zinametameta kila mkono unapotikisika, na mtazamaji anafuata umeme ule badala ya kikaragosi. Zipitishe juu ya moto wa kibatari mpaka ziwe nyeusi, usizifute.

16 Februari: Taa

Nilinunua mita moja ya taa za mkanda, zile wanazobandika kwenye bajaji, 4,000. Zinataka volti 12, kwa hiyo nikanunua betri ya pikipiki iliyotumika, 20,000. Makosa mawili kwa mpigo. Betri ina uzito wa kumchosha mtu anayetembeza sanduku kwa baiskeli. Na taa zile zote zinawaka pamoja kwa nguvu ile ile, kwa hiyo dunia ya manamba ilionekana kama duka la simu.

Nikaanza upya. Mkanda wa volti 5, wa kuchomeka kwenye pawabenki, 5,000. Pawabenki nilikuwa nayo. Nikaukata vipande vitatu kwenye alama za kukatia, kila kipande na swichi yake: kimoja juu kulia kwa asubuhi, kimoja nyuma chini ya mstari wa milima kwa jioni, kimoja kidogo mbele kwa uso. Juu ya cha jioni nimebandika karatasi ya peremende ya rangi ya machungwa. Mara ya kwanza nilipozima cha asubuhi na kuwasha cha jioni, dada, aliyekuwa akitazama, alinyamaza. Si kawaida yake.

Kulehemu nyaya nilifanyiwa na fundi redio kwa chai na chapati. Mwambie fundi wako afunike viungo kwa mpira, maana mikono yako itakuwa humo gizani na utavigusa tu.

1 Machi: Tundu, na kosa la kina

Nilianza na tundu duara la sm 3, la jicho moja. Nikawaita majirani wanne wajaribu barazani, nje ya nyumba.

Mtoto wa darasa la pili alishindwa kufumba jicho moja, akawa analishika kwa kiganja. Mama mwenye miwani alisikia kioo kikigonga plaiwudi akarudi nyuma. Bibi wa nyumba ya pili, nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akainama, akakaa muda wote wa mchezo, akainuka akasema, "Nimeona ukungu tu, lakini ukungu mzuri."

Huyo ndiye aliyesema kweli. Jukwaa lilikuwa sm 12 kutoka machoni. Kijana anaweza kuona kitu cha karibu hivyo kwa kujikaza, mtu aliyevuka miaka 45 hawezi. Nilikuwa nimepima kina cha sanduku kwa macho yangu.

Marekebisho: nimeongeza mdomo mbele, boksi la plaiwudi lililobaki lenye urefu wa sm 20, likipanuka kuelekea ndani, kisha nikasogeza jukwaa nyuma. Sasa kutoka jicho hadi kikaragosi ni sm 38. Tundu ni mwanya wa sm 14 kwa 5, macho mawili na miwani vinaingia. Bibi amerudi kutazama. Safari hii aliuliza kwa nini manamba hana viatu.

Wa nne, kijana mmoja, aliinuka na pua nyeusi. Masizi. Nimebandika sponji kuzunguka mwanya na kuivika kitambaa, kisichovuja rangi.

8 Machi: Vitambaa na joto

Ramadhani imeanza, majaribio yamehamia usiku baada ya tarawehe.

Kaniki mita 3, 10,500. Nimeshona mapazia mawili tofauti: moja la kichwa changu upande wa nyuma, jingine la mtazamaji upande wa mbele. Mwanzoni lilikuwa moja kubwa linalotufunika wote wawili, kama nilivyoona kwenye baadhi ya picha za Brazil. Hapa kwetu halipiti. Mwanamke hataingia chini ya shuka moja na mwanamume asiyemjua, hata kama kati yao kuna sanduku la mbao, na wala sioni sababu ya kumwomba. La mtazamaji limepata kanga juu na kaniki ndani kwa giza. Kanga aliitoa dada kwenye akiba yake, maandishi yake ni "Macho hayana pazia". Sasa watu wanasoma pazia kwanza, wanacheka, ndipo wanauliza ni nini.

Mimi ninachungulia kwa juu nyuma, mikono inapita kwenye mikono miwili ya shati kuukuu iliyopigiliwa pembeni. Joto la Machi chini ya kaniki ni adhabu. Nimetoboa tundu za hewa chini ya sakafu ya jukwaa, na nyuma ya kila tundu nimeweka kibao kidogo, hewa ikunje kona kabla ya kuingia. Hewa inakunja kona, mwanga haukunji. Rudia jaribio la tochi baada ya hapo.

15 Machi: Sauti

Nilijaribu kusimulia kwa mdomo. Mtu wa mbele ananisikia, lakini na foleni nzima inanisikia, na anapofika wa tatu hadithi ameshaijua.

Hedifoni mbili za bei ndogo, 8,000. Kigawanyio cha waya, 3,000. Mtazamaji anavaa moja, mimi moja, simu inacheza rekodi. Nilirekodi hadithi ya dakika 6, kwa sauti yangu, na maneno mengi. Nilipoisikiliza siku ya pili nikaona aibu: ninamweleza mtu kitu anachokitazama. Nimefuta karibu yote. Kimebaki kisu kikikata jani, mtu akihesabu moja hadi thelathini na kurukaruka namba, na mwishoni mngurumo wa mashine. Sentensi moja tu ya maneno, mwanzoni.

Dakika 2 na sekunde 40. Ufupi huu una hesabu yake: watu 20 kwenye foleni kwa dakika 6 ni saa mbili, na hakuna anayesimama saa mbili juani kwa ajili ya kikaragosi.

1 Aprili: Idi pili, viwanja vya Tangamano

Siku ya kwanza ya kweli. Sanduku juu ya keria, kamba za mpira 3,000. Mpango ulikuwa baiskeli isimame kwa stendi yake, sanduku libaki juu ya keria. Mtazamaji wa kwanza aliegemea, baiskeli ikayumba, na manamba akapatwa na tetemeko la ardhi ambalo halimo kwenye hadithi. Nikaazima meza ya muuza miwani ya jua. Wiki iliyofuata nilitengeneza miguu ya kukunja ya msonobari, 9,000. Itengeneze tangu mwanzo.

Tatizo kubwa lilikuwa la lugha. Niliajiri mdomo wa mpwa wangu awaite watu, naye akaita alivyojua: "Njooni mpige chabo! Chabo mia tatu!" Kwa nusu saa nilipata vijana wa kiume watupu, wakiinama kwa haraka na kuinuka wakiwa wamenuna, kwani walitegemea kitu kingine. Akina mama wakawashika watoto mikono wakapita mbali. Mmoja alisimama akaniambia, "Kaka, siku ya Idi!" akaenda zake kabla sijajibu.

Aliyeniokoa ni mama muuza vitumbua wa jirani yangu. Alikuja kwa ukali ajue ni uchafu gani unaonyeshwa karibu na biashara yake. Nikamwomba aketi, atazame bure, anihukumu. Alipotoka chini ya kanga alikaa kidogo, akasema baba yake alikuwa mkata mkonge, Pongwe. Kisha akarudi kwenye karai lake, na kila aliyenunua vitumbua akatumwa kwangu. Mpwa amebadilishiwa maneno. Sasa anaita, "Mtu mmoja, kiti kimoja, hadithi moja!"

Watazamaji 41, shilingi 300 kila mmoja, jumla 12,300. Watoto wa Idi wana hela na hawana haraka. Wawili walilipa mara mbili. Niligundua pia kwamba viti vinatakiwa viwili, kigoda kirefu cha watoto na kifupi cha watu wazima, ili macho yote yafike kwenye mwanya bila shingo kuumia.

26 Aprili: Masika

Wiki mbili hakuna kazi. Mvua ilinikuta kwenye bustani ya ufukweni, plaiwudi ya chini ikanywa maji na kubenuka, mlango wa nyuma haufungi. Jaribio la tochi: mianya 6 mipya. Nimebandua sakafu, nikaweka nyingine kutoka kwenye mabaki, nikapaka ukingo wote gundi. Turubai 7,000. Singa za nywele zilipata ukungu, nimezichemsha kwa chumvi na kuzianika.

Katika kungoja jua nilikata sekunde 15 nyingine kwenye rekodi.

17 Mei: Ngamiani, na mzee

Asubuhi ya soko, watazamaji 19. Wa kumi na nne alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua. Nikampa kigoda kifupi, nikamvalisha hedifoni, akatazama bila kutikisika. Alipomaliza hakuinuka. Akafunua kanga akanizunguka mpaka nyuma.

"Nani kakufundisha kukata mkonge?"

"Hakuna, mzee."

"Inaonekana."

Akaeleza, mkono wake ukikata hewa. Mkataji anaanza na ncha, anauondoa mwiba kwanza, ndipo anakata jani shinani. Manamba wangu angekuwa amejitoboa jicho siku ya pili. Na majani hayatupwi yalivyoangukia, yanafungwa mafungu, majani 30 fungu moja. "Hesabu yako ya thelathini nimeisikia," akasema, "nilidhani unahesabu majani."

Sikuwa nimejua. Niliandika thelathini kwa sababu ya kipande, siku 30. Kumbe aliyeshika kisu alikuwa na thelathini mbili kichwani, moja ndani ya nyingine.

Alikataa kurudishiwa mia tatu yake. Akataka kuona kwa tundu langu, la nyuma, mikono inavyofanya. Nikamwachia nafasi chini ya kaniki na nikacheza kwa kubahatisha, nikiwa nimesimama pembeni, vijiti vikigongana. Watu wanne waliokuwa wakingoja wakasogea kumtazama yeye.

18 Mei: Hesabu, na kinachofuata

Gharama yote mpaka leo: 132,000. Ndani yake 54,000 ni za kutupa: vichwa vya mninga, betri, taa za bajaji. Anayeanza leo na akaepuka hayo atatumia kama 78,000, akiwa na simu, pawabenki na usafiri wake. Mapato ya siku nne za maonyesho ni 27,600, nusu imeliwa na soda za mpwa.

Kazi za wiki hii. Mkono wa kulia wa manamba unapata kiungo cha pili kwenye kiwiko, kwa uzi wa mkonge, ili aweze kukata mara mbili: ncha, halafu shina. Mafungu nimeshaanza kufunga, majani ni vipande vya chupa ya plastiki ya kijani, sm 2 kila kimoja. Nimefika fungu la tatu na vidole vinauma. Rekodi itarudiwa, sauti ya kisu iwe mbili kwa kila jani. Kuhesabu kutafanywa na mzee mwenyewe, akikubali. Amesema nimfuate Jumamosi baada ya alasiri, na nije na kashata.